Ua la Shaba na Sauti ya Usiku

Sogeeni karibu na mbabula, makala bado yana moto. Umeme umekatika Katuba nzima, hapa Lubumbashi, kwa hiyo leo televisheni haitanishinda, na mzee asiye na mshindani husimulia vizuri.

Jana mmoja wenu, simtaji maana amekwisha kujificha nyuma ya dada yake, alikuwa anamsaidia nkambo yenu, bibi yenu, kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Katikati ya kazi akasimamisha mchi na kuuliza: "Nkambo, Mungu haonekane. Sasa batu balimujua namna gani?" Nkambo yenu akamwambia atwange, sombe haiivi kwa maswali. Lakini mimi nilisikia kutoka chini ya mwembe, na raha ikaniisha. Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Jibu la kitabuni lilikwisha kufika ulimini, nikalimeza. Nikaomba siku moja ya kufikiri. Siku yenyewe imepita, na haya ndiyo niliyoyapata.

Naanzia kwenye ua.

Mvua zikielekea kwisha, ukitoka mjini ukapita Ruashi, au ukaelekea Luano kwenye uwanja wa ndege, tazama chini pale ambapo udongo umekaa kama umenyolewa. Utaona mmea mdogo, haufiki gotini, ukoo mmoja na mrehani. Ua lake ni la zambarau inayokaribia buluu, limejikusanya kileleni kama kifungo cha shati. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Hilo jina msilihangaikie, litawaumiza meno bure. Sisi tunasema ua la shaba.

Kwa nini la shaba, na wala halina rangi ya shaba? Kwa sababu ya mahali linapoota. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa mizizi. Msitu wa miombo unaofunika nchi yetu ukifika kwenye udongo ule husimama, kama wageni waliofika kwenye lango la nyumba yenye mbwa. Ndiyo maana Katanga ina vilima vilivyozungukwa na miti pande zote, na juu yake hakuna mti hata mmoja, nyasi tu. Ua hili limeizoea sumu ile. Mimea mingine inapofia, lenyewe linachanua. Basi watafuta madini wakajifunza kulitazama: ukilikuta kwa wingi, usiwe na haraka ya kuondoka, chimba kwanza. Na wafua shaba wa zamani, karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika hapa, hawakuwa na mashine ya kupima udongo. Walisoma vilima vitupu, walisoma jiwe la kijani linaloitwa malakiti, wakajua kilichomo chini.

Shaba yenyewe hawakuwa wameiona bado. Waliona alama zake juu ya ardhi, wakajua.

Wakristo wanasema njia ya kwanza ya Mungu ya kujulikana ni kama hiyo. Mtume Paulo, ambaye riziki yake ilikuwa kushona mahema, aliwaandikia Warumi kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana yanasomeka katika vitu alivyoviumba. Na kuna siku alifika Listra, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Uturuki, akamponya kiwete. Watu wakaona huyu ni mungu, wakaleta mafahali wamchinjie. Paulo akararua nguo zake kwa uchungu. Sasa angalieni ujanja wake wa ualimu. Watu wale hawakuwa na Biblia, Ibrahimu hawamjui, Musa hawamjui. Kwa hiyo hakuwatajia hata mmoja. Aliwatajia mvua. Aliwaambia kwamba Mungu hakuwaacha hivi hivi bila shahidi: mvua inashuka, mashamba yanazaa, matumbo yanashiba, mioyo inafurahi.

Nikisoma hapo nakumbuka mwezi wa kumi kwetu: vumbi jekundu hadi kwenye kope, joto, maembe bado mabichi, kila mtu anatazama juu asiseme kitu. Halafu inashuka ile ya kwanza, na harufu ya udongo inaingia hadi chumbani. Bankambo wetu, yaani mababu zetu, walikuwa hawajamwona mmisionari hata mmoja, na mvua ile ikishuka walikuwa na jina la kutaja. Balamba na Basanga walisema Leza. Baluba walisema Vidye. Balunda walisema Nzambi. Sisi wa mjini, tuliochanganywa na mgodi kama mawe kwenye toroli, tunasema Mungu na kila mtu anaelewa. Frederick Stanley Arnot, yule Mskoti aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwezi wa pili mwaka 1886, hakumleta Mungu mkobani. Alimkuta Leza amekwisha kufika. Nalisema hili wazi kwa sababu bado kuna watu wanaowafundisha watoto kwamba bankambo walikuwa katika giza lisilo na hata cheche. Si kweli, na Paulo hakufundisha hivyo.

Lakini sasa sikieni udhaifu wa ua.

Ua la shaba huota hata mahali ambapo hakuna mgodi. Wazee walipofua shaba, makapi na majivu yalibaki pale kwenye tanuru, udongo ukalewa, na karne zilizofuata ua likaja kuota juu yake. Wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata huko Luano, na mahali pa matanuru ya zamani pakajulikana. Wao walifurahi, ndicho walichokuwa wanatafuta. Lakini mtu aliyefika na sururu akitafuta utajiri angechimba tangu asubuhi na jioni angerudi na makapi ya bankambo. Je, ua limemdanganya? Hapana, shaba ilikuwamo. Ila ua halisemi ni kiasi gani, wala imefikaje, wala ni ya nani. Ua halina mdomo.

Na si ua tu. Mmewahi kuiona misalaba ya shaba, ile yenye mikono minne karibu sawa? Ilikuwa fedha ya huku kwetu, watu walilipia mahari, walinunulia mali. Kule Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, imechimbuliwa makaburini, imezikwa na watu waliokufa kabla jina la Yesu halijatamkwa katika bonde lile. Nilipokuwa kijana nilimsikia mhubiri mmoja akisema: mnaona? Bankambo walikwisha kuwa Wakristo, Mungu aliwaonyesha msalaba katika ndoto! Tulipiga makofi, mimi nikapiga kuliko wote. Nilitamani sana iwe kweli. Lakini fedha ni fedha. Halafu mwaka 1960, Moïse Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo, misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera, ikapata maana nyingine tena. Mfanyabiashara aliona mali, mhubiri akamwona Yesu, mwanasiasa akaiona nchi yake. Kitu kisicho na msemaji, kila mtu hukisemea lake.

Kwa hiyo yule aliyeuliza swali alikuwa na haki. Mvua na nyota na ua vinatosha kukuambia kwamba yupo. Ni nani, anakutakia nini, anakupenda au anakuwinda, hapo mvua inanyamaza. Tena mvua hiyohiyo siku nyingine inabomoa nyumba za watu. Utasomaje hapo?

Niwaulize kitu: kujua ni nini?

Mimi nilimjua Mobutu. Enzi za Zaïre, alipokuwa rais wetu, taarifa ya habari ilipoanza, uso wake ulitokea kwenye mawingu ukawa unashuka polepole kuja kwetu, na sisi tumekaa chini mbele ya televisheni ya jirani, midomo wazi. Nilijua kofia yake ya chui. Nilijua fimbo yake. Yale majina yake marefu, ungeniamsha usiku wa manane ningeyataja bila kukosea. Lakini angenikuta hapa njiani angenipita kama anavyopita nguzo ya umeme. Nilijua habari zake, yeye sikumjua. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kupigwa picha hata moja, ningemtambua kwa kikohozi nyuma ya ukuta.

Jiwe utalipeleka kwa wapimaji, watalivunja, watakuambia lina shaba kiasi gani. Mtu hapimwi hivyo. Mtu asipokufungulia moyo mwenyewe, mtakaa uwanja mmoja miaka ishirini na utakachokijua ni viatu vyake. Wakristo wanaamini Mungu hajulikani kama jiwe, anajulikana kama mtu anavyojulikana, yaani kwa kujitambulisha mwenyewe. Neno la Kanisa kwa jambo hilo ni ufunuo. Msiliogope. Nkambo yenu akifunua sufuria, harufu ikatoka, wewe hukupika, hukuvumbua, hukushinda mtihani wowote. Umefunuliwa. Kazi yako ni kuwa na njaa.

Sasa naingia kwenye hadithi yenyewe, na hii ni ya mtoto mwenzenu.

Aliitwa Samweli. Mama yake, Hana, alimlilia Mungu miaka mingi ampe mtoto, na alipompata akampeleka Shilo kwenye nyumba ya Mungu akae huko atumike. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea, na nadhani kila mwaka alikosea kidogo kipimo, kwa maana mtoto usiyemwona hukua haraka kuliko unavyofikiri. Pale Shilo aliishi na kuhani mzee, Eli, macho yake yamekwisha kufifia. Samweli ndiye aliyefungua milango asubuhi. Usiku alilala karibu na sanduku la agano, kitu kitakatifu kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Usiku mmoja taa haijazimika bado, akasikia anaitwa kwa jina lake. Akaruka kitandani akakimbia kwa mzee: nimekuja, umeniita. Eli akasema sikukuita, karudi ulale. Akarudi. Akaitwa tena. Akakimbia tena. Mzee akasema tena hapana, mwanangu. Ninyi mngefanya nini mara ya tatu? Mngejifunika shuka hadi kichwani, nawajua. Yeye alikwenda mara ya tatu, na hapo ndipo Eli, yule asiyeona, alipoelewa. Akamwambia: nenda ulale, ukiitwa tena usije kwangu, mjibu yeye, mwambie unasikiliza.

Kuna mambo mawili humo nayapenda kuliko hadithi nzima. La kwanza, kitabu kinasema Samweli alikuwa hamjui Mungu bado. Fikirini. Analala kwenye nyumba ya Mungu, anafagia nyumba ya Mungu, anavaa nguo za huduma, na hamjui. Alikuwa kama mimi na Mobutu. Nilipofundisha katekisimu nilikuwa na kijana mmoja aliyejua maswali yote na majibu yote, ukimtajia namba ya swali anakupa jibu lake. Siku moja nikamuuliza, je, unazungumza naye huyo unayemsema? Akanitazama kama nimemuuliza namba isiyokuwemo kitabuni. Sikumcheka. Nilikwenda nyumbani nikajiuliza swali lilelile, na usiku huo ulikuwa mrefu.

La pili ni ujumbe wenyewe. Wengi hawausomi, wanaishia pale mtoto anapojibu. Mungu alimwambia Samweli kwamba nyumba ya Eli imekwisha, kwa sababu wanawe Eli walikuwa wanaiba sadaka na baba yao hakuwazuia. Habari hiyo ilimhusu mzee aliyemlea! Mtoto akalala macho wazi hadi asubuhi, akafungua milango kama kawaida yake, anaogopa. Eli akamlazimisha aseme yote. Akasema yote. Na mzee akaipokea.

Nawaambia hili kwa sababu ya mji wetu. Ninyi mnasikia wenyewe, usiku wa maombi, vipaza sauti kutoka kila upande, huyu anasema Mungu ameniambia, na huyu naye anasema Mungu ameniambia, na mara nyingi alichoambiwa ni kwamba ninyi mlete pesa. Siwakatazi kusali usiku. Nimesali usiku mimi, na Mungu amenisaidia. Lakini pimeni. Sauti ya Shilo, mtoto aliidhania ni ya mzee aliyelala karibu, haikuhitaji jenereta. Nabii Eliya naye alisimama mlimani, ukapita upepo wa kupasua miamba, likapita tetemeko, ukapita moto, na Mungu hakuwa katika hayo yote, hadi ikaja sauti ndogo tulivu iliyomfanya ajifunike uso. Na Samweli ujumbe wake haukumpa faida yoyote, ulimpa hofu tu. Mtu ambaye mungu wake kila siku anamwambia yale aliyokuwa anayataka tangu jana, mimi huyo namwogopa. Huenda anasikia tumbo lake. Na hata Samweli, aliyeitwa kweli, alihitaji mzee wa kumwambia hii sauti ni ya nani. Ndiyo kazi ya Kanisa, pamoja na makosa yake yote, na ya Eli yalikuwa mengi.

Haya. Ua, halafu sauti. Je, sauti inatosha?

Wazazi wenye mtoto Kanada au Afrika Kusini watawaambia. Simu ni nzuri. Unasikia anacheka, unasikia mafua yake. Lakini siku anaposhuka uwanja wa Luano hakuna anayesema, kwa nini umekuja, si tulikuwa tunazungumza kwenye simu?

Wakristo wanasema Mungu alikuja. Hapa ndipo imani yao inapokaa, na hapa ndipo wanapoachana na majirani zetu Waislamu, ambao nao wanaamini Mungu amesema kwa manabii, tena wanawaheshimu wengi wa manabii haohao. Mkristo anasema Neno lile lililomwita Samweli lilivaa mwili likawa mtoto. Hakushuka mawinguni kama yule wa kwenye taarifa ya habari. Alizaliwa safarini, mahali pa mifugo. Alikaa Nazareti miaka karibu thelathini akijulikana kama mwana wa seremala, na alipoanza kufundisha majirani wakakasirika: huyu? Si tunamjua mama yake?

Mmoja wa wanafunzi wake, Filipo, alimuuliza karibu kama mlivyouliza ninyi. Alimwambia: tuonyeshe Baba, tutatosheka. Naona Filipo alikuwa anatazamia moto, au wingu, au angalau mwanga kidogo. Yesu alimjibu kwa namna ya mtu aliyeumia kidogo: muda wote huu nimekaa nanyi, bado hujanijua? Akasema kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Yaani ukitaka kujua Mungu anamtazamaje mwenye ukoma, tazama mkono huu ulivyomgusa. Ukitaka kujua anafanya nini na watu wanaomuua, nenda kasimame chini ya msalaba usikilize anavyowaombea. Ile misalaba ya Kisale ilikuwa kimya, kila mtu akaisemea lake. Huu wa mti, aliyekuwa juu yake alisema.

Kuna mtu mmoja wa hapa Katanga aliyelijifunza jambo hili kwa taabu, na nyumbani kwa wazazi wangu jina lake lilitajwa sana. Ni padri Placide Tempels, Mfransisko, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1906. Alikuja huku mwaka 1933. Miaka ya kwanza alikuwa mompe, yaani padri, kama wengine: anasimama, anafundisha, anaamuru, watu wanaitika ndiyo mompe, wanarudi nyumbani kama walivyokuja. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kikachapishwa kwa Kifaransa hapa mjini, enzi hizo mji ungali unaitwa Elisabethville. Askofu wa hapa, Jean-Félix de Hemptinne, hakukipenda. Baadaye wasomi wa Afrika nao walimkosoa, kwamba amewapika Wabantu wote katika sufuria moja. Sawa, wana hoja. Lakini si kitabu ninachotaka kuwaambia.

Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja aliacha kufundisha akaanza kuuliza. Aliwauliza watu: ninyi mnataka nini hasa, chini kabisa ya moyo? Wakamwambia. Wanataka uhai ulio mzima, wenye nguvu. Wanataka kuzaa. Wanataka kuunganika na wenzao, wasiwe peke yao. Padri akasikiliza, akashtuka, maana hayo matatu yalikuwa moyoni mwake pia, na hakuwahi kumwambia mtu. Akawaeleza. Siku hiyo, kwa maneno yake, ndipo walipokutana. Alikuwa ameishi nao miaka, na kabla ya hapo hawakuwa wamekutana.

Kutokana na hapo, kuanzia mwaka 1953, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi huko Ruwe, Kolwezi, ikazaliwa Jamaa. Ni neno letu, la Kiswahili, wala halikutoka Roma. Mume na mke walikaa pamoja na padri wakazungumza mafundisho juu ya uzima, uzazi na mapendo, na walioingia waliitana baba na mama. Mchimba shaba aliyekuwa namba kwenye kadi ya kampuni, jioni alikuwa baba wa watu. Ikaenea hadi hapa Lubumbashi. Matatizo yakaja, makundi mengine yakaenda njia zao, maaskofu wakaweka masharti. Ni hadithi ndefu ya watu wazima, tuiache. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, hakurudi, akafa kwao mwaka 1977. Lakini lile alilolipata silisahau: kwamba alimhubiri Mungu aliyekuja kukaa na watu, na yeye mwenyewe alikuwa hajakaa na watu.

Imebaki moja, fupi, kisha mtakula.

Siku ya tatu baada ya Yesu kuuawa, wanafunzi wawili walikuwa wanatembea kwenda kijiji kinachoitwa Emau. Wamevunjika moyo. Mtu akawafuata njiani, akatembea nao, akawaeleza Maandiko tangu Musa na kuendelea. Alikuwa yeye mwenyewe, na hawakumtambua. Mafundisho yale, ya mwalimu yule, njia nzima! Mioyo ikawaka, wala hawakumtambua. Walipofika, jua linatua, yeye akafanya kama anaendelea na safari. Wakamshika: baki nasi, usiku unaingia. Naona walimwambia tu kama tunavyomwambia mtu yeyote aliyefika saa ya chakula. Akaingia. Wakakaa mezani. Akatwaa mkate, akabariki, akaumega, akawapa, na pale ndipo macho yao yalipofumbuka.

Angalieni, wasingemkaribisha mgeni, angepita na giza. Wangebaki na mafundisho mazuri.

Wewe uliyejificha nyuma ya dada yako, hilo ndilo jibu nililolipata. Kama halikutoshi, uliza tena kesho, sombe itasubiri. Sasa nkambo yenu amegeuza bukari, na bukari haingojei hadithi. Kanaweni mikono. Na yule mtoto aliyesimama langoni tangu nilipoanza ni wa nani? Mwiteni naye aje akae.